Mizani ya Pamba: Maisha ya Paul Bomani

Mkulima wa Usukumani wa mwaka 1948 alijua kila kitu kuhusu pamba yake, isipokuwa uzito wake.

Alijua alipanda baada ya mvua ya ngapi. Alijua palizi ya kwanza ilimchukua siku ngapi na ya pili ngapi, na ni mtoto yupi anachuma pamba safi na yupi anachanganya na majani. Jioni mama wa nyumba aliketi uani akichambua, nyeupe upande huu, fifi (pamba chafu ya daraja la chini) upande ule, maana fifi ikionekana kwenye mzigo bei yote huporomoka. Kisha mzigo ulifungwa, ukabebwa kichwani, kwa baiskeli au kwa punda mpaka kwenye gulio.

Hapo gulioni ujuzi wake wote ulikoma. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyeisoma ni karani wa mnunuzi, na aliyeandika kitabuni ni karani huyo huyo. Ratili za gunia zilikatwa, ratili za "takataka" zilikatwa, na zile zilizozidi namba kamili zilipotea njiani kati ya jicho la karani na kalamu yake. Mkulima aliitwa jina, akahesabiwa shilingi, akaondoka. Kama alihisi amepunjwa, angemshtaki nani, na kwa ushahidi gani?

Wanunuzi na wenye vinu vya kuchambulia pamba katika Jimbo la Ziwa walikuwa, kwa sehemu kubwa sana, wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Si wote waliokuwa wadanganyifu. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa imeiweka biashara hii mikononi mwa wachache wenye leseni, na mkulima, hata akimchoka mnunuzi wake, hakuwa na pengine pa kwenda. Aliyeivunja hali hiyo, pamoja na maelfu ya wakulima ambao majina yao hayamo vitabuni, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akiweka hesabu za chama cha wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza.

Kutoka Ikizu hadi Mwanza

Paul Bomani alizaliwa tarehe 1 Januari 1925 huko Ikizu, upande wa Musoma, mashariki mwa Ziwa Victoria. Baba yake, Lazaro Bomani, alikuwa mhubiri wa Waadventista Wasabato, na nyumba yake ilikuwa nyumba ya kitabu, saa na kazi. Ni nyumba hiyo hiyo iliyomtoa mdogo wake, Mark Bomani, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza Mtanzania. Ukitaka kuelewa kwa nini Paul aliamini namba kuliko maneno makali, anzia kwenye malezi hayo, ambapo mtoto alifundishwa kwamba mtu hutoa hesabu ya kila alichokabidhiwa.

Baada ya shule za misheni, mwaka 1945 alipata kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi ambao mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aliugundua mwaka 1940. Kijana aliyetoka kwenye mashamba ya mtama na pamba aliona pale jinsi mali nyingi inavyotoka ardhini kila siku na jinsi inavyoandikwa kwenye vitabu. Hakukaa sana. Mwaka 1947 aliingia Mwanza na kuajiriwa na Chama cha Ushirika cha Wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza.

Mwanza ya wakati huo ulikuwa mji mdogo uliobanwa kati ya mawe na maji. Reli kutoka Tabora ilikuwa imefika mwaka 1928. Meli ziliunganisha bandari yake na Kisumu, Bukoba na Musoma. Marobota ya pamba yalipita hapo kwenda baharini, na bidhaa za dukani zilipita hapo kwenda vijijini, na katika safari zote mbili Mwafrika alikuwa mbebaji. Wafanyabiashara wa chama cha Bomani walitaka kununua kwa pamoja ili wapate bei ya jumla. Mtaji ulikuwa kidogo na vikwazo vilikuwa vingi, lakini kijana huyu alijifunza jambo moja huko: shilingi za watu wengi maskini, zikiwekwa kwenye kitabu kimoja kinachosomeka, zinaanza kuheshimiwa.

Mwaka huo huo wa 1947, mwezi Septemba, wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukapanda na reli kuingia bara. Pwani na kwenye njia ya reli, mtu mnyonge alikuwa na silaha ya kuweka chini chombo chake cha kazi. Kanda ya Ziwa haikuwa na bandari kubwa wala viwanda vingi. Mfanyakazi wake mkuu alikuwa mkulima, na mkulima hawezi kugomea shamba lake bila kujilaza njaa mwenyewe. Chama chake kilibidi kiwe cha namna nyingine.

Wapimaji

Watu wa Usukumani hawakuhitaji kufundishwa kushirikiana. Vijana wa vijiji walilima kwa zamu katika makundi yao ya elika, wakiongozwa na nsumba ntale, kiongozi ambaye wenzake walimchagua kwa kuwa wanamwamini. Kilichokosekana ni namna ya kuupeleka ushirika huo kutoka shambani mpaka gulioni.

Wakati huo huo serikali iliwazidishia watu mzigo. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulikuja na amri juu ya amri: lima matuta ya namna hii, punguza ng'ombe, ng'oa na uchome mabua ya pamba kabla ya tarehe fulani. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na maana ya kitaalamu, lakini zilishuka kupitia kwa watemi (machifu) na wanangwa (wakuu wa vijiji) zikiwa na faini mkononi. Mkulima akawa anaamriwa jinsi ya kulima na mmoja, na kupunjwa alichovuna na mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani na wenzake waliunda Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa. Hawakuanza kwa kudai viwanda wala uhuru. Walianza na mizani. Chama kiliajiri wapimaji wake na kuwaweka karibu na magulio wakiwa na mizani yao wenyewe. Mkulima alipita kwanza kwa mpimaji wa chama, akapewa namba ya mzigo wake, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Karani wa mnunuzi alipotaja namba yake, mkulima tayari alikuwa na ya kwake.

Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu, maana udogo wake ndio ukubwa wake. Mkulima yule yule amesimama na pamba ile ile mbele ya mnunuzi yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa ana namba kichwani. Karani akitaja pungufu, anaweza kusema hapana, na nyuma yake wapo watu kumi kwenye foleni wenye namba zao. Tofauti ambayo miaka yote ilikuwa manung'uniko ya njiani sasa ilionekana mchana kweupe, kwa ratili. Na mtu aliyeona kwa macho yake kiasi alichokuwa akipoteza kila msimu hakuhitaji mhubiri wa kumshawishi ajiunge na chama.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Vyama vya msingi viliandikishwa kijiji baada ya kijiji chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, ile ile ambayo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliitumia kuanzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Baadhi ya maofisa wa kikoloni waliunga mkono, wengine wakidhani kwamba mkulima anayeshughulika na bei hatapata muda wa siasa. Bomani alikwenda kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough, Uingereza, mwaka 1953 hadi 1954. Aliporudi, vyama vilikuwa tayari kwa hatua kubwa, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, yeye akiwa meneja mkuu.

VFCU halikutaka kubaki mpimaji wa pamba inayonunuliwa na wengine. Lilinunua lenyewe, kisha likajenga kinu chake cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, Geita, na vingine vikafuata. Kufikia mwaka 1959 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika, nalo VFCU likawa linatajwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya wakulima katika Afrika nzima. Katika muda usiofika miaka kumi, watu waliokuwa wakiibiwa ratili mbili tatu kwa gunia walikuwa wenye gulio, wenye kinu na wenye robota.

Chama kilichozuiwa na chama kilichobaki

Siasa haikuweza kukaa mbali. Mwanza lilikuwa tawi lenye moto la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, na pale TAA ilipogeuka kuwa chama cha siasa cha TANU tarehe 7 Julai 1954, wajumbe kutoka Ziwa walikuwa miongoni mwa waasisi 17, akiwamo Saadani Abdu Kandoro, mfanyabiashara na mshairi. Bomani mwenyewe alikuwa kiongozi wa TAA katika jimbo hilo na mtu anayejulikana katika Umoja wa Wasukuma.

Serikali iliona hatari mapema. Ilikataa kuiandikisha TANU katika eneo hilo, na kwa takriban miaka minne, mpaka mwaka 1958, chama kilichokuwa kikienea nchi nzima hakikuruhusiwa kufanya kazi Usukumani. Kile ambacho haikuweza kukizuia ni mkutano wa wakulima wanaojadili bei ya pamba. Kwa hiyo mikutano ya ushirika ikawa ndiyo mahali pa kusemea. Mtu alikuja kuuliza makato ya msimu, akaondoka amesikia habari za nchi.

Bomani alitembea kwenye uzi mwembamba. Katikati ya miaka ya 1950 gavana alimteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Kwa wenzake wenye damu moto jambo hilo lilitia shaka: vipi mtu awe wetu na awe wa gavana? Lakini meneja wa VFCU alikuwa na dhamana ambayo mwanasiasa wa jukwaani hakuwa nayo. Nyuma yake kulikuwa na fedha za maelfu ya familia na pamba iliyokwishachumwa shambani inayosubiri kununuliwa. Chama cha siasa kikifungwa, watu wake hukutana usiku. Ushirika ukifungwa katikati ya msimu, mkulima anarudi kwenye mizani ya zamani kesho yake asubuhi. Naamini tahadhari ya Bomani ilitoka hapo, na haikuwa woga.

Mwaka 1958 Geita ililipuka. Watu walikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi, ambalo waliona linawapa wageni wachache kiti sawa na wenyeji walio wengi. Maelfu walivuka maji na kutembea hadi Mwanza kumfikishia mkuu wa jimbo kilio chao, na serikali ikawatawanya kwa nguvu. Si ajabu kwamba waliojitokeza kwa wingi namna ile walikuwa watu wa nchi ya pamba. Walikuwa wamekwisha kujifunza kusimama kwenye foleni pamoja na kusema hapana.

Waziri

Mwaka 1960 Julius Nyerere alipounda serikali yake ya kwanza, Bomani alipewa wizara ya Kilimo. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na nafasi yake ikashikwa na Rashidi Kawawa, aliyekuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL. Katika mabadiliko hayo hayo Bomani alipewa Fedha, wizara iliyokuwa imeshikwa na Sir Ernest Vasey. Akawa Mwafrika wa kwanza kuishika hazina ya nchi hii.

Uongozi wa taifa changa ulikuwa na watu wengi waliokomaa katika vyama vya watu wa kazi. Na ni hapo ndipo palipozaliwa swali gumu: mtu aliyewatetea wanachama dhidi ya serikali akishakuwa serikali, nani anawatetea wanachama?

Kwa upande wa wafanyakazi jibu lilikuwa kali. Christopher Kasanga Tumbo, aliyeongoza wafanyakazi wa reli katika mgomo mrefu wa mwaka 1960, aliachana na TANU, akaanzisha chama chake cha upinzani, na akaishia kizuizini. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa na vyama vyote vikaunganishwa kuwa chama kimoja cha kitaifa, NUTA, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo waziri wa Kazi. Sauti ya mfanyakazi na sikio la serikali viliwekwa kwenye kichwa kimoja.

Kwa upande wa wakulima jibu lilikuja polepole. Serikali ilihitaji fedha kwa ajili ya Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, na katika nchi ya wakulima fedha hutoka kwa mkulima. Waziri wa Fedha akawa mtu wa kodi na makato. Huku nyuma, VFCU lilikuwa limekua kuliko uwezo wa wanachama kulitazama. Ofisi ziliongezeka, makarani wakaongezeka, na malipo yakaanza kuchelewa. Kisha, jambo la kuumiza kuliko yote, manung'uniko ya mizani yalirudi. Safari hii karani hakuwa wa mnunuzi kutoka mbali. Alikuwa mtoto wa kijiji jirani, na mizani ilikuwa ya chama.

Hatuwezi kuyaweka yote hayo kwenye mabega ya mtu mmoja. Bomani alikuwa Dar es Salaam akijenga hazina ya taifa. Tarehe 10 Juni 1965 ni yeye na mawaziri wenzake wa Kenya na Uganda waliotangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu na fedha yake, na mwaka uliofuata Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa. Ni kazi kubwa, na kila anayeshika shilingi leo anagusa matunda yake. Lakini mpiga kura wa Mwanza hakumpima kwa benki kuu.

Jembe na nyumba

Septemba 1965 nchi ilifanya uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Utaratibu ulikuwa wa aina yake: karibu katika kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague kwa siri. Wengi walidhani mawaziri watapita bila jasho. Chama kilikuwa kimoja, na wao ndio waliokuwa wakubwa wake.

Mwanza Mashariki ilimwangusha Paul Bomani. Waziri wa Fedha, meneja wa kwanza wa VFCU, mtu aliyewaletea wapimaji, alishindwa katika nyumba yake mwenyewe. Alikuwa mmoja wa mawaziri wawili walioanguka mwaka ule.

Ukiisoma habari hiyo harakaharaka, utaona watu wasio na shukrani. Mimi naona watu waliofundishwa vizuri. Miaka 15 kabla, kijana Bomani aliwaambia wasikubali namba ya mkubwa bila kuipima kwa mizani yao. Mwaka 1965 waliingia kwenye kibanda cha kura, mmoja mmoja, bila karani wa kuwasomea, na wakapima. Somo lilikuwa limeingia kiasi kwamba halikumbagua mwalimu.

Naye hakulalamika wala hakuhama chama. Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo. Kwa taifa ulikuwa uamuzi wenye faida, maana mtu wa aina yake alikuwa adimu. Kwa wapiga kura wa Mwanza ulikuwa ujumbe mchungu kidogo: mlichokipima kimepimwa tena kwingine.

Mkasa wa ushirika uliendelea bila yeye. Mwaka 1966 tume ya uchunguzi ilipita nchi nzima kusikiliza malalamiko dhidi ya vyama vya ushirika, na VFCU likawekwa chini ya uangalizi wa serikali. Mwishoni mwa muongo huo likageuzwa kuwa Nyanza, jina ambalo wazee wa Mwanza bado wanalitaja. Tarehe 14 Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini kote na kuyapa mashirika ya umma na vijiji kazi zao. Hasara ya uamuzi huo ilionekana haraka, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Lakini chama kilichofufuliwa kwa amri hakikuwa na kile kilichozaliwa kwa mkulima kuona namba yake kwa macho.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1972 Bomani alitumwa Marekani kuwa balozi, akakaa Washington mpaka mwaka 1983, wakati ambapo ukombozi wa kusini mwa Afrika ulihitaji kutetewa mbele ya wakubwa waliokuwa wakisita. Alirudi, akatumikia tena serikalini, na mwaka 1993 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cheo hicho alikuwa nacho mpaka alipofariki tarehe 1 Aprili 2005, akiwa na miaka 80. Mtoto wa mhubiri wa Ikizu, aliyeanza na vitabu vya hesabu vya wachuuzi wa Mwanza, alimaliza kwa kuwatunuku shahada vijana wa nchi nzima.

Magulio ya pamba bado yapo, kutoka Kwimba na Magu hadi Maswa na Bariadi. Pamba fifi bado inachambuliwa uani jioni. Mizani ya rula imeanza kuipisha mizani ya kidijitali, yenye tarakimu zinazowaka. Mzigo unapopandishwa, mwenye pamba husogea, huinama, na husoma mwenyewe kabla karani hajaandika. Wengi wanaofanya hivyo hawajui jina la aliyewazoesha babu zao kuinama pale. Lakini wanaposogea, yupo.